Uzi: Kulisha wageni na wahudumu kwenye shughuli za kanisa – vipimo, foleni, na nani aanze kula

#1 JikoKubwa (mleta uzi)

Bwana asifiwe wapendwa. Uzi huu ni wa yeyote aliyekabidhiwa chakula cha semina, siku ya wageni, kongamano la vijana au chakula cha baada ya ibada, watu kama 80 hadi 200 hivi. Mahubiri ya ukarimu tumeshayasikia. Tuongelee sufuria.

Kila kitu kinaanzia kwenye idadi. Kamati nyingi huhesabu walioalikwa, halafu zinashangaa chakula kimeishia wapi. Hesabu midomo: wageni waliothibitisha, halafu jiko, mapokezi, kwaya, mafundi wa sauti, walinzi, wa maegesho, walimu wa watoto, na madereva waliowaleta wageni. Hawa wa mwisho hawamo kwenye daftari la mtu yeyote, ila saa ya chakula wapo. Mtoto wa chini ya miaka 10 mhesabu nusu. Ukishapata jumla, ongeza asilimia 10.

Kwa mtu mzima mmoja, vipimo vya kabla ya kupika: mchele gramu 90 hadi 100. Nyama yenye mfupa gramu 250, isiyo na mfupa 150, maana ikiiva hupungua robo hadi theluthi. Maharage makavu gramu 50 kama yanasindikiza nyama, 90 kama ndiyo kitoweo pekee. Mboga za majani gramu 150 kabla ya kuchambua. Maji ya kunywa nusu lita, na jua likiwa kali zidisha. Kwa hiyo watu 100 ni mchele kilo 10 na nyama ya mfupa kilo 25.

Hizo kilo 10 usizipike kwenye sufuria moja. Chini utaungua, katikati utakuwa bokoboko, juu utabaki na kiini. Sufuria mbili za kilo tano tano zinaiva sawasawa, na moja ikiharibika hujapoteza shughuli nzima. Maji nayo: aliyezoea vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele nyumbani, akitumia kipimo hicho kwenye sufuria kubwa atapata uji. Mvuke unaopotea hauongezeki kwa kadiri mchele unavyoongezeka. Anza na kimoja na nusu, na uwe na maji ya moto pembeni ya kuongezea.

Upawa upimeni kwa maji kabla ya siku yenyewe. Wa mililita 250 unabeba wali wa gramu 160 hadi 180. Kilo 10 za mchele zikiiva zinatoa zaidi ya kilo 25 za wali, yaani upawa mmoja na nusu kwa kila mtu. Mpakuaji asiyeambiwa hivyo atawajazia 60 wa kwanza na kuwakwangulia 40 wa mwisho.

#2 Upawa_wa_Pili

Mleta uzi umetisha. Naongezea foleni.

Foleni hutembea kwa kasi ya kituo chake kizembe kuliko vyote, na mara nyingi kituo hicho ni nyama, kwa sababu watu wanachagua vipande. Kila mgeni akichukua sekunde 12 hadi 15 hapo, mstari unapitisha watu wanne au watano kwa dakika. Watu 120 ni nusu saa karibu. Ukiivuta meza mbali na ukuta na kupakua pande zote mbili, muda unakatika nusu bila kuongeza hata sufuria moja.

Mpangilio wa meza: sahani mwanzoni, wali, maharage, mboga, nyama mwisho, kisha vijiko na uma. Watu huweka vijiko mwanzoni, halafu mgeni anatembea meza nzima na sahani mkono huu na uma mkono ule, hana mkono wa kushika kikombe. Nyama inakaa mwisho kwa sababu sahani imeshajaa, na inapakuliwa na mtu, wageni hawajipakulii. Mtu huyo awe mpole lakini asiyeyumba. Vinywaji vipelekwe meza nyingine kabisa, hatua kumi kutoka hapo, la sivyo wanaojimiminia chai wataziba wanaosubiri wali.

Na sala ya chakula iombwe kabla vifuniko havijafunguliwa, matangazo yote yakiwa yameisha. Chakula kilichofunguliwa kikisubiri tangazo la dakika 20 kinapoa, na inzi hawasubiri "amina".

#3 ShemasiWaZamu

Asanteni. Swali langu ni la kichwa cha uzi: nani aanze? Kwetu sisi mashemasi tumefundishwa mhudumu anakula mwisho. Wahudumu wakila kabla ya wageni inaleta picha mbaya. Paulo mwenyewe, 1 Wakorintho 11:33, anasema mkutanikapo mpate kula, mngojane.

#4 JikoKubwa

Mtumishi, rudi nyuma kidogo, mstari wa 21 na 22. Waliokuwa wakikemewa ni wenye navyo waliotangulia kula chakula chao huku wasio na kitu wakibaki na njaa. Mhudumu aliyeamka saa kumi usiku kuwasha moto hayuko upande huo.

Kiutendaji mambo ni haya. Mhudumu mwenye njaa anaonja sufuriani kwa kidole. Anamjibu mgeni kwa mkato. Anajifichia vipande chini ya meza kwa sababu anajua mwisho hakutabaki kitu, na hilo likianza kwa mmoja, saa moja baadaye wote wanaficha. Ukiona nyama imepungua bila maelezo, usianze na upekuzi. Anza kuuliza kama wahudumu waliahidiwa chakula na nani aliyetoa ahadi hiyo.

Suluhisho si kuwatanguliza mbele ya macho ya wageni. Wale kabla mlango haujafunguliwa, dakika 45 hadi saa nzima kabla, kwa zamu mbili za dakika 15, wakiwa wameketi, chakula kilekile cha wageni. Kama chakula hakijaiva saa hiyo, wapewe chai na mkate wa kutosha, na mlo kamili watengewe.

#5 ShemasiWaZamu

Nimekuelewa kwa wapishi. Na wasioweza kuondoka kazini? Fundi wa sauti, mlinzi, mwalimu wa watoto?

#6 Daftari_la_Kamati

Hao watengewe kwa idadi KABLA upawa wa kwanza haujaingia sufuriani. Neno "tutawawekea" bila namba ni sawa na kutowawekea. Andika: sauti 3, maegesho 4, watoto 6, lango 2, jumla 15. Sahani 15 zinatoka kwanza, zinaingia kwenye hotipoti au chombo kingine kinachotunza joto, na jina la kitengo juu yake. Sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine hupoa ndani ya nusu saa, hiyo si kutenga. Na awepo mtu mmoja mwenye kazi ya kuwapelekea. Mwalimu wa watoto hawezi kuwaacha watoto 30 aje kuulizia chakula chake jikoni.

Kumbukeni kwamba hata Matendo 6 ugomvi ulikuwa wa mgawo: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Walichagua watu saba, wakawapa jukumu hilo rasmi. Yaani hata wakati ule ilionekana nia njema haitoshi, lazima pawe na mwenye kazi.

Zamu pia zisipite saa nne mfululizo kwenye moto. Anayeosha vyombo asiwe yuleyule aliyepika. Kama kuna nauli au posho, itolewe ile siku, kwa bahasha, si "tutaonana Jumapili". Na kwenye shukrani za hadharani mtaje vitengo vyote kutoka kwenye karatasi, maana anayetaja kwa kichwa huwasahau waosha vyombo kila mara.

#7 Nesi_wa_Kwaya

Naomba mnisikilize kwenye usalama, kwa sababu shughuli moja ya kuharisha inafuta ukarimu wa mwaka mzima.

Namba za kukariri: chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya 5. Katikati hapo ndipo vijidudu huzaliana, na chakula kilichopikwa kisikae hapo zaidi ya saa mbili. Kiini cha nyama kifike angalau nyuzi 70. Nunueni kipimajoto cha kuchoma kwenye chakula, ni kitu kidogo na mkono hauwezi kukisia joto.

Kosa kubwa la jikoni kwetu ni kupika mchuzi mzito wa nyama jioni na kuuacha kwenye sufuria kubwa hadi asubuhi. Sufuria ya lita 40 haipoi. Katikati inabaki vuguvugu saa nyingi, na kuna bakteria (Clostridium perfringens) ambao chembechembe zao hustahimili kuchemshwa na kuamka kwenye uvuguvugu huo. Kama lazima upike jana yake, gawa kwenye trei zisizozidi kina cha sentimita 5, zipoe haraka, ziingie kwenye friji. Kesho yake uchemshe hadi ububujike kabisa, usipashe tu.

Maharage mekundu: loweka angalau saa tano, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya kwa mchemko mkali dakika 10 kwa uchache, mimi nasema 30, kabla ya kupunguza moto. Yana sumu ya asili inayotapisha, na moto wa chini peke yake hauiondoi.

Aliyetapika au kuharisha asiguse chakula hadi zipite saa 48 tangu dalili ziishe. Hata kama ndiye mpishi mkuu. Mpeni kazi ya simu akiwa nyumbani. Na dawa ya kupaka mikononi haichukui nafasi ya sabuni na maji, kwa sababu virusi vya kuharisha kama norovirusi haviiogopi sana.

#8 Kijana_wa_Maegesho

Nesi samahani, wali uliobaki mchana, ukipashwa moto vizuri jioni kwa wahudumu kuna shida?

#9 Nesi_wa_Kwaya

Inategemea ulikaa wapi. Kama ulipoozwa kwenye trei ndani ya saa moja au mbili na kuingia friji, hakuna shida, upashwe mara moja tu hadi utoe mvuke kote. Kama ulishinda kwenye sufuria mezani, mwaga. Bakteria wa wali (Bacillus cereus) hutengeneza sumu ambayo haiharibiki kwa kupashwa, kwa hiyo "nimeuchemsha sana" haisaidii. Na kwa nini wahudumu ndio wale kiporo?

#10 MezaYaMwisho

Hapo kwa kiporo umenigusa.

Mimi nichangie upande wa mgeni mwenyewe. Mgeni wa mara ya kwanza ana maswali matatu ambayo hayaulizi: chakula ni cha bure au kuna sahani ya mchango mbele? Nikae wapi? Kile ni nini? Yajibuni kabla. Mtu wa mlangoni aseme waziwazi "chakula ni cha wote, hakuna malipo". Meza ziwe za watu sita hadi nane, na kila meza awepo mwenyeji mmoja aliyekwisha kula au anayekula pamoja nao. Meza ndefu za watu 20 zinawafanya wenyeji wakae na wenyeji na mgeni abaki pembeni akichezea simu.

Mwenyeji wa meza asimhoji mgeni ameokoka lini. Amuulize jina, amtambulishe kwa wawili, amwonyeshe choo na maji yalipo. Inatosha. Pia asimsukumie chakula mtu aliyekwisha kukataa mara moja. Huwezi kujua ana mfungo, dawa au mwiko wa daktari.

Kadi mbele ya kila chakula, herufi kubwa, zikitaja vitu vinavyodhuru baadhi ya watu: karanga, maziwa, mayai, ngano, soya, ufuta, samaki, kamba. Kadi iandikwe na aliyepika. Karanga zilizosagwa kwenye mboga ndizo hatari zaidi, hazionekani. Na kila chakula kiwe na upawa wake. Upawa ukishatoka kwenye mboga ya karanga ukaingia kwenye maharage, ile kadi ya maharage imekuwa ya uongo.

Mgeni wa kisukari anayetumia insulini msimcheleweshe. Akishajichoma akitegemea kula saa saba, mahubiri yakavuka hadi saa nane na nusu, sukari yake inashuka. Tangazeni saa ya kula asubuhi, na kuwe na kitu kidogo pembeni kama itachelewa.

#11 ShemasiWaZamu

Na meza kuu? Msemaji mgeni na wachungaji kupelekewa chakula tofauti, chenye vipande vya pekee?

#12 MezaYaMwisho

Kumpelekea mezani, sawa. Msemaji amesimama saa mbili na ana kipindi kingine. Akiingia foleni atazuiwa na kila mtu mwenye swali na hatakula. Kumpikia tofauti ndiyo siafiki. Yakobo 2 imeongelea mwenye pete ya dhahabu na maskini wa nguo mbovu, na jinsi wanavyoketishwa. Watu huona sahani za meza kuu hata wakijifanya hawaoni.

#13 Upawa_wa_Pili

Hapa napingana kidogo na MezaYaMwisho. Kuna wageni wazee ambao chakula laini au kisicho na chumvi ni hitaji, si upendeleo. Ulizeni siku tatu kabla. Ila hitaji hilo liwe wazi kwa mgeni yeyote, si kwa mwenye cheo tu.

#14 Daftari_la_Kamati

Maji ya kunawa hamjayapigia hesabu. Kunawa kwa sabuni sekunde 20 na kupishana ni kama nusu dakika kwa mtu. Watu 100 kwenye bomba moja ni dakika 50! Mabomba manne ni dakika 12 na ushee. Ndoo ya lita 20 yenye bomba inahudumia watu kama 30, kwa hiyo pawepo mtu wa kujaza. Mabomba yawe kabla ya foleni ya sahani, na sabuni iwe imefungwa kamba au iwe ya maji, maana kipande cha sabuni kina miguu.

Vyombo: sahani kwa idadi ya watu na kumi juu. Vikombe zidisha kwa moja na nusu, kwa sababu mtu akiweka kikombe chini hakioni tena. Karai tatu za kuoshea: maji ya moto na sabuni, maji safi, kisha maji ya kuua vijidudu, kijiko kimoja cha chai (mililita 5) cha dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, ile ya asilimia 5, kwa lita 4 za maji. Vyombo vikae humo dakika moja au mbili, vikauke vyenyewe kwa hewa. Taulo moja la kufutia sahani 200 ni kusambaza uchafu kwa adabu. Klorini isichanganywe na siki wala dawa ya choo, hutoa gesi ya sumu. Povu likiisha kwenye karai la kwanza, maji yamechoka, badilisha.

#15 Kijana_wa_Maegesho

Sasa wakuu, swali la mwisho. Mmepika kwa watu 110. Nusu saa kabla ya kula, pale langoni tunahesabu 140 na bado wanaingia. Mnafanyaje?

#16 JikoKubwa

Kwanza, asante kwa kuhesabu langoni. Jiko lote linategemea mtu wa lango kutuma namba saa moja kabla, na tena nusu saa kabla.

Punguza kipimo KABLA ya sahani ya kwanza, si baada ya ya sabini. Mchele wa kilo 11 una wali wa kilo 28 hivi; kwa watu 140 ni gramu 200, upawa mmoja na kidogo. Hakuna atakayelala njaa. Nyama kilo 27 na nusu iliyokatwa vipande vya gramu 80 ni vipande 340 hivi. Ulipanga vitatu kwa mtu. Toa viwili na mchuzi zaidi. Wanakula 140 kwa vipande 280, na 60 vinabaki kwa watakaoendelea kuingia. Ndiyo maana nyama ikatwe kwa mizani tangu mwanzo: vipande vya ukubwa wowote havihesabiki.

Wali ndio utakaobana wakifika 160. Stoo iwe na tambi kilo 4 au 5 na sufuria moja ya maji yaliyokwisha chemka. Tambi zinaiva kwa dakika kumi, na kilo 4 zinatosha watu 40. Maharage huwezi kuyaanzisha saa hiyo.

Zile sahani 15 za sauti, maegesho, watoto na lango zimeshatengwa. Usiziguse.

#17 Kijana_wa_Maegesho

Za maegesho ni nne, naona tuko sawa. Jumapili nitakuwa langoni na kaunta ya mkononi. Nitumie namba kwa nani, wewe au Upawa?

#18 Upawa_wa_Pili

Kwangu. JikoKubwa akiwa kwenye moto simu haishiki.